Kiti Chenye Tundu

Hotuba niliyoitoa Ujiji, Kigoma, tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, mbele ya wenzangu tunaoishi na maradhi ya muda mrefu na ndugu wanaotuuguza. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Mwakeye, wazee wangu.

Poleni kwa mvua na kwa tope. Namwona mama yetu wa Businde pale nyuma, amekuja kwa miguu na mtoto mgongoni. Namwona na kaka yangu ambaye magurudumu ya kiti chake yamekwama mara mbili kabla hajafika mlangoni. Asanteni kwa kuja. Mimi ni fundi cherehani, nashona vitenge pale Mwanga, na nimeombwa niseme kidogo juu ya kuishi na ugonjwa usioondoka. Naanza nikiwa nimesimama. Mkiniona nimekaa katikati ya maneno msihangaike, ni magoti tu.

Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri ili nifike hapa saa nne. Kutoka Mwanga hadi Ujiji si safari, bajaji inatosha. Kilichokaa mbali ni vidole vyangu. Nina baridi yabisi, ile inayokula viungo, na ilinianza nikiwa na miaka 31, kwa hiyo msiseme ni ya uzee. Kinga ya mwili, iliyowekwa ipigane na vijidudu, inakosea njia na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Kiungo kinavimba, kinawaka moto, na usipotibiwa mfupa wenyewe unalika na vidole vinapinda hivi mnavyoviona. Wanawake inatupata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Haitokani na kufua kwa maji ya baridi, na hakuna jirani aliyenirushia kitu.

Nikiamka mikono imekaza kama imemwagiwa zege usiku. Binti yangu ananiletea beseni la maji ya vuguvugu, natumbukiza mikono, tunaanza na kidole gumba. Kikikubali, tunakwenda cha pili. Kifungo kimoja cha blauzi kinanichukua muda ambao zamani ningekuwa nimeshashona mkono mzima wa gauni. Chai nainywa kwa kushika kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto. Ikifika saa nne watu wananikuta kwenye cherehani, nakanyaga, nacheka na wateja, na wananiambia, "Mbona leo mzima, mama!" Wanasema kwa wema. Ila ile saa kumi na moja hawakuwepo.

Kwa miaka mingi nilidhani saa kumi na moja ile ni yangu peke yangu. Mpaka nilipoanza kukaa na ninyi ndipo nilipojua kwamba kila mmoja humu ana saa yake ambayo watu hawaioni. Yuko binti wa Katubuka ambaye kabla hajanywa chai lazima ajitoboe kidole, asome sukari, ajidunge sindano ya insulini, ndipo avae sare akimbilie shule, na mwalimu anamwona mchelewaji. Yuko mama ambaye mtoto wake ana selimundu, wengi tunaiita sikoseli, na usiku maumivu yakimshika mtoto anamkanda miguu hadi adhana ya alfajiri, halafu asubuhi anakwenda kupanga nyanya sokoni kama aliyelala. Yuko mzee wetu wa reli ambaye kiharusi kilichukua mkono wa kulia na maneno yake, na kila siku anatumia dakika nzima kutafuta neno "maji".

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona begani kwake unadhani ni mwepesi. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na nilidhani inawasema watu wazima wa afya wanaotudharau. Nimekuja kuona kwamba inatusema na sisi wagonjwa. Nilikuwa nikimtazama mtu mwenye kisukari nasema moyoni, huyu ana sindano yake, anajidunga, anaendelea na kazi, tabu yake nini? Naye, aliniambia baadaye, alikuwa akinitazama anasema, huyu anaumwa mikono tu.

Kliniki imetugawa, na kwa daktari hilo lina maana yake: siku hii ya sukari, siku ile ya presha, siku nyingine ya kifafa, kila ugonjwa na benchi lake. Kosa ni letu, kwamba yale mabenchi tumeyabeba tukaenda nayo mitaani. Mtu mwenye kifafa hakai na mwenye kisukari. Mwenye kisukari hataki kuitwa mlemavu. Aliyepooza haamini kwamba mimi ninayetembea nina ulemavu wowote. Hilo ndilo nataka tuliache leo, na nitawaeleza limenitoka vipi mimi, kwa sababu halikunitoka kwa mahubiri.

Lilinitoka kwa kiti cha plastiki.

Mtaniwia radhi wazee, nitasema habari za choo. Wengi wetu choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Sasa mtu mwenye magoti yaliyovimba achuchumae vipi? Nilikuwa nashika ukuta, nashuka kidogo kidogo nikiuma upande wa kanga, na kuinuka ndiko kulikokuwa msiba. Siku moja nilishindwa kabisa. Nilikaa mle ndani, sitasema nimekaaje, mpaka binti yangu alipokosa kuniona akaja. Alikuwa na miaka 11. Tangu siku ile nikaacha kunywa maji mchana ili nisiende chooni, nikaacha kula jioni, nikaacha kwenda misibani kwa sababu sikujua choo cha kule kikoje. Mashoga zangu wakasema najivuna. Wakwe wakasema siheshimu msiba. Ningewajibu nini? Ningesimama kwenye matanga niseme habari ya magoti yangu na tundu la choo?

Ndipo nikakutana na huyu kaka yangu. Wengi mnamjua: alipanda mchikichi kukata mikungu, kamba ikakatika, akaanguka, uti wa mgongo ukavunjika usawa wa kiuno. Alikuja kwangu na suruali, akataka niongeze kitambaa nyuma na niondoe mifuko ile ya makalioni. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba mshono mnene anaoukalia siku nzima unamfanyia kidonda, na hatakisikia, kwa sababu kuanzia kiunoni hana hisia. Mwenzake mmoja waliyelazwa wodi moja aliondoka duniani kwa kidonda cha namna hiyo kilichoingia mpaka mfupani. Nilipokuwa nampima, kila baada ya muda alikuwa anashika mikono ya kiti, anajinyanyua makalio hewani, anahesabu, anajishusha. Mtazameni sasa hivi, anafanya. Ni kuiacha damu ipite kwenye ngozi, na usiku lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili. Nilimwambia, "Kaka yangu, mimi naomba maumivu yangu yanyamaze usiku mmoja tu." Akanijibu, "Na mimi dada, naomba yangu yaseme hata neno moja."

Tulikaa kimya kidogo, wote wawili. Kisha sijui nilipata wapi ujasiri, nikamuuliza habari ya choo.

Akasema, nunua kiti cha plastiki, kile cha kawaida cha sherehe, kisicho na ufa. Mpe fundi akate tundu katikati ya makalio, ukubwa wa sahani ndogo, halafu alainishe kingo kwa moto ili zisikukate. Kiweke juu ya shimo. Miguu yake ikicheza, ifunge kwenye fremu ya mbao. Basi. Kazi ya saa moja. Fundi aliyenikatia alikataa hata kuchukua hela.

Nilinunua vitatu. Kimoja kipo nyumbani, kimoja kwa mama yangu mzazi, kimoja nakwenda nacho misibani, binti anakibeba kichwani kimefungwa kanga, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Mzee wetu wa reli anacho. Kuna mama mjamzito mtaani kwetu aliazima akakataa kurudisha! Miaka yote ile niliyokaa kwenye mabenchi, nikimeza dawa na kuchomwa sindano, hakuna aliyewahi kuniuliza, "Mama, chooni unakwendaje?" Habari ya kiti niliisikia kwa mtu ambaye ugonjwa wake hauna uhusiano wowote na wangu. Tulichokuwa nacho pamoja ni lile tundu kwenye sakafu.

Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka uliofuata, 2010, tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya kwetu. Mkataba ule unaeleza jambo ambalo kaka yangu alikuwa analijua bila kusoma: ulemavu unatokea pale ambapo upungufu wa muda mrefu wa mwili, wa akili au wa hisia unapokutana na vikwazo vinavyomzuia mtu kushiriki na wenzake. Neno ni hilo, *kukutana*. Magoti yangu yalikuwa yale yale jana na leo. Kwenye kiti chenye tundu naingia msibani, na penye shimo tupu nabaki nyumbani.

Niende kwenye jambo la pili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Iko kazi moja tunayoifanya wote humu, haina mshahara, na kuna siku inachosha kuliko ugonjwa: kazi ya kujieleza. Unajieleza kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu wa mtoto, kwa kondakta, kwa mama mkwe, kwa dirisha la dawa. Unajieleza kwa nini unaswali umekaa. Unajieleza kwa nini jana uliweza kubeba ndoo na leo huwezi kubeba kikombe. Sisi ambao ugonjwa wetu hauonekani tunaambiwa tunajifanya. Na ndugu zetu ambao wao unaonekana kwa mbali, hao hawaulizwi kitu kabisa, anaulizwa anayewasukuma: "Huyu anakula nini? Huyu anaitwa nani?"

Mimi ilinichukua miaka minne kuaminiwa. Nilitibiwa malaria ambayo sikuwa nayo. Nilichomwa sindano za maumivu, nikapigwa chuku, nikanywa kombe, shangazi yangu akanichua kwa mawese yaliyopashwa moto na tangawizi kila jioni. Kwa shangazi sina lawama hata chembe, ile mikono ilikuwa inanipenda. Lakini kuna kituo kimoja, sitakitaja, niliambiwa mbele ya foleni nzima kwamba wanawake wa umri wangu tunapenda kuja hospitali kupumzika. Nilirudi nyumbani nikakaa miezi saba bila kukanyaga hospitali yoyote. Vidole hivi viwili vilipinda katika miezi ile. Jina la ugonjwa nilikuja kulipata Mwanza.

Sasa sikilizeni kilichompata mama mwenye mtoto wa sikoseli. Mtoto alishikwa na maumivu ya mifupa, akampeleka usiku. Akaambiwa mtoto hana homa, anadeka, mpe panadoli mrudi asubuhi. Ninyi mnaomjua huyu mtoto mnajua hadeki. Katika ugonjwa ule chembe nyekundu za damu, ambazo zinapaswa kuwa za duara na laini, zinapinda kama mundu, zinakuwa ngumu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na sehemu ya mbele inakosa hewa. Hayo ndiyo maumivu. Baridi, kiu na homa vinayaamsha. Mara ya pili yalipotokea mama hakwenda peke yake. Tulikwenda watatu: yeye, mimi, na mama wa binti wa Katubuka. Hatukugombana na mtu. Tulisimama tu karibu na kitanda, na mama wa Katubuka, ambaye ameshazoea kuongea na wahudumu, akafungua daftari la mwenzetu akasoma: tarehe fulani maumivu yalianza saa fulani, alipewa dawa fulani, aliongezewa maji, damu ilikuwa kiasi fulani. Muhudumu akanyamaza, akachukua daftari, akalisoma mwenyewe. Mtoto akawekewa dripu na dawa ya maumivu iliyo ya kweli.

Yule muhudumu hakuwa mtu mbaya. Mama peke yake usiku, analia, anaonekana ana hofu tu. Wanawake watatu wenye daftari wanaonekana ni mashahidi.

Hapa nataka niseme na akina baba kidogo, wale wachache mliokuja na hata wale mtakaopelekewa habari. Inakadiriwa kwamba Tanzania wanazaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye sikoseli. Mtoto hawezi kuupata ugonjwa ule mpaka arithi vinasaba vyake kutoka kwa mama na kutoka kwa baba, wote wawili. Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Na ubebaji wenyewe si laana: anayebeba upande mmoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana umeenea kwenye nchi zenye mbu kama huku kwetu kando ya ziwa. Kwa hiyo baba anayefunga mizigo akisema mwanamke ana mkosi wa watoto, aondoke akijua nusu ya mkosi anaoukimbia anao mfukoni mwake. Nasema kwa uchungu kwa sababu katika akina mama wanne wa sikoseli ninaowashonea, watatu wanalea peke yao.

Nakaa sasa. Ahsante mwanangu, sogeza kidogo. Hapo hapo.

Kijana wetu wa Kibirizi yuko hapa, ameniruhusu nimsemee. Alikuwa anavua dagaa. Mnajua dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Kwa hiyo mvuvi anakesha usiku mfululizo. Kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyoamsha kifafa. Akaanguka ndani ya boti, wenzake wakamshika asidondoke majini, Mungu awalipe. Lakini waliporudi nchi kavu wakasema amepandwa na jini la ziwani, na tangu hapo hakuna boti iliyomchukua. Hilo la boti ni sahihi, mtu anayeanguka kifafa hapaswi kuwa juu ya maji usiku. Ila hawakumwambia kwa sababu hiyo. Walimwambia asiguse hata sahani yao, kwa kuogopa povu.

Kifafa hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mkojo, si kwa kumshika. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Kwa hofu hiyo ya povu kuna watoto wanaungulia mafigani, wameangukia moto na watu wamesimama pembeni. Akianguka, ondoa vitu vya kumuumiza, mweke kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na ukae naye. Ikipita dakika 5 hajatulia, mpeleke hospitali. Dawa ipo: fenobabito imeanza kutumika tangu 1912, ni ya bei nafuu, na wengi wakiimeza kila siku bila kuruka wanakaa muda mrefu bila kuanguka. Huyu kijana sasa anaanika dagaa mchana, analala usiku, na ana miezi tisa hajaanguka. Aliyemfundisha kutoruka dozi ni yule binti wa sukari. Alimwonyesha jinsi anavyoweka alama ya mkaa ukutani kila akidunga.

Binti huyo nyumbani kwao hawana friji. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka ubaridi wa friji, na hiyo wanaiweka kwa jirani. Ile anayotumia wanaiweka kwenye chungu kidogo, chungu kiko ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, pembeni penye upepo. Kabla ya Januari 1922, mvulana wa miaka 14 alipochomwa insulini kule Toronto, mtoto mwenye kisukari chake alikuwa anasubiri kufa tu. Binti wetu yuko kidato cha pili. Anataka kuwa nesi.

Na mimi wamenifanyia nini? Nitasema moja. Dawa yangu ni methotreksati. Inamezwa *mara moja kwa wiki*. Mimi siku yangu ni Ijumaa, vidonge sita, basi mpaka Ijumaa nyingine. Ikimezwa kila siku inaua uboho, inaua mtu. Mwezi mmoja dawa hazikuwepo hospitali, nikanunua duka la nje. Bahasha ikaandikwa 6×1, na ninyi nyote mnajua kusoma bahasha, hiyo ni vidonge sita kila siku. Nilikuwa na homa siku ile, kichwa kizito, nikasema labda daktari amebadilisha. Nilishameza Ijumaa. Jumamosi asubuhi vidonge viko kiganjani, maji yako mezani, mama wa Katubuka akaingia kuchukua sare ya binti. Akatazama kiganja. Mtu aliyezoea kupima insulini kwa alama ndogo ndogo za bomba haachi kutazama. "Shoga, si ulisema hizi ni za Ijumaa?"

Yule hana baridi yabisi. Hakuwahi kuisikia kabla ya kunijua. Tungekuwa tumekaa kila ugonjwa na benchi lake, Jumamosi ile angekuwa mahali pengine.

Habari ya mikopo ya halmashauri nitaisema kwa kifupi, kwa sababu wengi mmeuliza. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inaitenga kwa mikopo hiyo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kuna ofisi nilikwenda na kikundi chetu, tukatazamwa mmoja mmoja, ikaulizwa, "Hawa wengine ulemavu wao uko wapi?" Kaka yangu wa kiti alikuwa amebaki nje kwa sababu ya ngazi sita. Mimi nilikuwa nimezipanda tatu nikakwama. Akasema kwa sauti kutoka chini, "Ngazi zenu zinajua." Tuliambiwa turudi na barua za daktari. Tutarudi, wote, na hao ambao ulemavu wao hauonekani watangulie mbele.

Sasa ninachoomba. Siombi chama kipya, siombi sare wala kadi. Naomba kila mmoja kabla hajatoka humu atafute mtu mmoja ambaye ugonjwa wake si kama wako, umuulize maswali mawili: saa yako mbaya ni ipi, na kliniki yako ni lini. Uyaandike. Siku ya kliniki yake uende naye, au ukishindwa, umtume mtu. Ukae naye kwenye benchi lile ambalo si lako. Usimsemee mpaka akuombe. Hilo mzee wetu wa reli ndiye aliyenifundisha. Baada ya kiharusi watu walidhani akili imekwenda na maneno. Akili haijaenda popote. Anasikia kila kitu, anajua treni gani inaingia saa ngapi, neno tu ndilo halishuki. Na sisi kwa huruma tulikuwa tunamkamilishia: anasema "ma…", tunasema mandazi? mafuta? maji? Akawa analia. Siku moja mjukuu wake alikaa chini, akamtazama, akasubiri. Mzee akasema, "Maiti… ma… magazeti." Miezi yote ile alikuwa anataka gazeti.

Alhamisi mtoto wa mama wa Businde ana kliniki. Nani anakwenda naye? Kijana wa Kibirizi, nimeuona mkono. Andikeni. Fundi wa viti yupo mlangoni, amekuja na msumeno, anayetaka kiti chake kikatwe leo akae upande ule. Wenye daftari tupu nilizoleta, mama wa Katubuka atawaonyesha jinsi ya kuchora mistari.

Mzee wetu ameomba atufungie kwa dua. Mengine yamemponyoka, lakini dua alizozihifadhi utotoni anazo zote, hazijadondoka hata moja. Inamchukua muda kuinuka na inamchukua muda kuanza. Karibu, mzee wangu. Hatuna haraka.